Benchi Linalotazamana na Bomba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza ukaidi, na mama ameacha kukuficha chumvi. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako mkubwa amepoteza meno mawili ya mbele na anapiga mluzi kila akitaja jina la mwalimu wake, makusudi kabisa, mtundu yule. Mkwe wako anauliza lini utakuja kumalizia mchezo wa drafti uliomwacha na kete tatu. Nimemwambia ashukuru kwamba uliondoka.

Utajiuliza kuna nini hata niandike barua wakati simu ipo. Simu nimeishika mara nyingi, baba. Lakini nikisikia unavyoitikia, kwamba haya, wakili wa wezi, leo umemtoa nani, naanza kucheka, na nikishacheka lile lililonipigisha simu linarudi tumboni. Jumapili mbili zilizopita tumezungumza mvua na bei ya mabati mpaka salio likakata. Kwenye karatasi hunichekeshi. Basi tafuta mahali ukae, uisome kwanza peke yako, halafu umpe mama.

Nina mteja ambaye sijawahi kukusimulia habari zake. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, mageti na madirisha, na mtaani wanamwita Cheche. Duka moja la dawa lilivunjwa jioni, mvua ikinyesha. Waliokuja walikata nondo za mlango wa nyuma kwa gesi, wakamfunga kamba muuzaji, wakampiga mlinzi hadi leo anatembea akiegemea ukuta, wakaondoka na fedha. Wapelelezi walipoona nondo zimekatwa vizuri wakasema mwizi ni fundi wa vyuma, na karakana ya karibu ilikuwa ya Cheche. Hiyo ndiyo hesabu yote waliyoipiga. Kwa mtindo huo mtu akifa kwa homa wamkamate daktari! Akipatikana na hatia ni kifungo cha maisha, na mke wake anakuja kila tarehe ya kesi na shati safi la mumewe ndani ya mfuko, ingawa askari magereza hawamruhusu kumpa. Analikunja, analirudisha nyumbani, analifua tena.

Ushahidi dhidi yake ni mmoja tu. Muuzaji wa duka, mama mtu mzima, mpole, mwenye miwani mizito, alimtambua kwenye gwaride la utambulisho. Na gwaride lenyewe, baba, lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Watu tisa wa kimo kimoja, Cheche kachagua mwenyewe mahali pa kusimama, mama yule kaingia na kwenda moja kwa moja hadi kwake, hakusita, akamgusa bega. Nililitafuta kosa usiku na mchana, sikulipata. Nikaanza kufikiri labda mteja wangu ananificha kitu. Usinicheke, huwa wanaficha.

Siku ya kumhoji mama yule nilikwenda bila silaha yoyote. Nikaanza na maswali ya kupoteza muda, kama ulivyonifundisha mwenyewe kwamba mtu akichoka kujilinda ndipo anaposema. Nikamuuliza ilikuwaje alipofika kituoni. Akasema walimpokea vizuri mno, maana alikuwa anatetemeka, wakamkalisha na kumpa chai. Nikamuuliza walimkalisha wapi. Akasema kwenye benchi la koridoni, lile linalotazamana na bomba la uani. Walimwambia asiwe na haraka, anywe, moyo utulie.

Baba, kalamu ilinidondoka. Karani wa mahakama aliniokotea, akaniuliza kwa macho kama naumwa.

Unakumbuka nyumbani kwetu mtu akipoteza kiatu? Nikizunguka chumba kizima nikilia kwamba nimechelewa shule, wewe ulikuwa unasema mpeni chai, atakiona. Mama anacheka hadi anashika mlango. Tulikua tukiamini chai ina dawa ya macho. Na mezani, ukishatoka kazini kituoni, ulitusimulia ilikotoka, tena kwa raha, ukiigiza sauti. Shahidi mwenye hofu ni kipofu, ulisema. Usimpeleke kwenye gwaride na hofu yake. Mkalishe koridoni, mpe chai ya moto, halafu mwombe mtuhumiwa achote maji pale bombani, apite na ndoo yake mara moja, mara mbili. Husemi neno. Humwonyeshi mtu kidole. Akimaliza kikombe, macho yamefunguka. Sisi watoto tulikuwa tunapiga makofi! Mimi nimesoma sheria, baba, nimefundishwa gwaride la utambulisho mwanzo mpaka mwisho, nimefanya mtihani wake nikafaulu, na bado siku zote hizo sikuwahi kuweka hadithi yako na somo langu kwenye meza moja. Ilikuwa hadithi ya baba. Nani anaipeleka hadithi ya baba yake mahakamani?

Nikamuuliza mama yule kama wakati anakunywa chai aliona mtu yeyote akipita. Akafungua kinywa, uso ukachangamka kama wa mtu aliyekumbushwa jambo jema, akasema ndiyo, kuna... Na hapo mwendesha mashtaka akaruka juu. Swali halihusiani, shahidi amechoka, saa ya chakula imefika, yote kwa pumzi moja. Hakimu akatazama saa, akatupa mapumziko.

Mwendesha mashtaka huyu ni mtu nadhifu, viatu vyake unaweza kujitazamia. Anajua sheria vizuri kuliko mimi ninavyotaka kukiri: shahidi akiwa katikati ya kuhojiwa haruhusiwi kuzungumza na mtu juu ya ushahidi wake. Nilikuwa nimesahau miwani ndani, nikarudi kuichukua, nikapita ofisi yake. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mama yule ameketi, mikono mapajani, na yeye amekaa pembeni mwa meza, anasema maneno polepole, moja moja, na mama anaitikia kwa kichwa kama mtoto anayekaririshwa. Tuliporudi, mama hakuona mtu akipita. Hakumbuki ndoo. Hata benchi akasema labda analichanganya na la hospitali. Nikasimama kumweleza hakimu nilichoona. Mwendesha mashtaka akaapa kwamba alikuwa anamjulia hali mama wa watu kwa sababu ana presha. Presha! Kama ana huruma kiasi hicho angekuwa nesi. Lakini ilikuwa neno langu na lake, na mama yule aliinamisha macho, hakuniangalia tena.

Cheche alinithibitishia kwamba asubuhi ya gwaride alitumwa kuchota maji, lakini neno la mshtakiwa peke yake halitoshi, nikaomba mahakama ikakitembelee kituo. Hakimu akakubali. Tulipofika kwenye kituo chako cha zamani, baba, koridoni harufu ya rangi ilikuwa inakaba koo. Kuta nyeupe pe, na hakuna benchi. Mpelelezi wa kesi akaeleza, akiwa bado chini ya kiapo, kwamba katika miaka yake yote pale hapajawahi kuwa na benchi mahali hapo.

Sasa nikuambie mpelelezi ni nani, ingawa nadhani umeshamjua. Ni Kijiko. Kijiko wetu, yule askari wako kijana uliyempa jina mwenyewe kwa sababu hakuna siku aliyofika kwetu akakosa kushika kijiko. Amepanda cheo, ameota kitambi, lakini bado anakaa kimya kwa ile heshima yake ya zamani. Alisema hapakuwahi kuwa na benchi huku akinitazama mimi, na mimi nikimtazama yeye, na sote wawili tunajua nilivyokuwa nakaa pale na sare ya shule nikikungoja utoke kazini, miguu haifiki chini, na yeye ndiye aliyekuwa ananiletea maji ya kunywa. Sakafuni kulikuwa na alama nne za kuchubuka. Hakimu alizitazama. Mwendesha mashtaka akasema zilikuwa za kabati.

Tulipokuwa tunatoka Kijiko alinisogelea uani. Akaniita mdogo wangu. Akaulizia goti lako, akaulizia mama, kwa moyo wote, nakuhakikishia. Halafu akaniambia taratibu kwamba lile benchi ni zito, na nikilivuta litakuja na aliyeliweka pale. Nilimuuliza kama ananitisha. Akasema hapana, ananikumbusha tu. Akasema kila anachokijua kakipata kwako, na wewe hukuwa mtu wa hongo wala wa rungu, na hao waliobebeshwa ndoo wote walikuwa wezi kweli, Mzee alikuwa anawajua kwa kuwatazama. Aliyasema bila ubaya wowote. Hilo ndilo lililonitia baridi.

Maana ni kweli, baba. Hukula hongo. Nakumbuka yule mfanyabiashara aliyeleta mbuzi nyumbani na wewe ukamkimbiza yeye na mbuzi wake mpaka barabarani, mbuzi mbele. Hukumpiga mtu. Ulirudi nyumbani na mikono safi, ukatulipia shule kwa mshahara halali, na sikuwahi kumwonea aibu baba yangu mbele ya mtu. Ndiyo maana inauma hivi. Ungekuwa mbaya ningekuwa na kazi nyepesi.

Hakimu aliuliza kama utetezi una mashahidi, nikasema bado natafakari. Nilijiambia nitashinda kwa hoja nyingine, nitapata mwanya, nitamtoa Cheche bila kugusa nyumba yetu. Nikawa naenda gerezani kumwona na kumjaza maneno makubwa ya kisheria. Siku moja akaniuliza, bila kulalamika, mbona siku hizi nikizungumza naye natazama ukuta. Jamani, mtu anayesubiri kifungo cha maisha ndiye anayenionea huruma! Nikamdanganya kwamba nina mafua.

Siku hiyohiyo, nilipokuwa nangoja kufunguliwa geti, mfungwa mmoja alikuwa anapiga deki chumba cha wageni. Mtu wa makamo, kichwa kimejaa mvi kabla ya wakati wake. Askari aliniita kwa ubini wangu, na yule mfungwa akaacha kupiga deki. Akaniuliza kwa adabu kama mimi ni mtoto wa Mzee, akataja na kituo. Nikasema ndiyo, kwa majivuno hata, kwa mazoea. Akaegemeza fagio ukutani. Akaniambia kwamba yeye ni mmoja wa watu wa ndoo.

Sikuelewa mara moja. Akanieleza, polepole, akitazama kama askari anasikia. Alikamatwa akiwa kijana kwa kesi ya uvamizi. Asubuhi moja alitolewa mahabusu akachote maji. Mchana akapangwa kwenye gwaride, na mwanamke asiyemjua akamgusa bega. Kwa miaka mingi aliamini ni bahati mbaya, uso wake umefanana na wa mtu. Kisha gerezani, katika kupiga soga, mwenzake akataja bomba na ndoo. Na mwingine kutoka bweni la pili naye akataja bomba na ndoo. Wakaanza kuulizana. Mmoja wao alikwisha kufa humo. Nilitaka kumuuliza kama yeye mwenyewe aliifanya kazi ile ya uvamizi au hakuifanya, baba, na swali likanigomea. Akisema hakuifanya nitalala vipi, na akisema aliifanya nitaanza kukutetea palepale, ndani ya gereza, mbele yake. Nikasimama tu na mkoba wangu mpaka geti likafunguliwa.

Haya, sasa nifike ninapokwenda, nimezunguka vya kutosha.

Kesi ilipoitwa tena, nilisimama nikaomba mahakama itoe wito kwa shahidi mmoja wa utetezi, ofisa mpelelezi mstaafu wa kituo kile. Nikataja jina lako kamili. Mwendesha mashtaka alitabasamu, alidhani nimechanganyikiwa, halafu tabasamu likamwishia usoni. Kijiko akainuka akatoka nje. Hakimu aliniuliza kama nina uhusiano na shahidi huyo. Nikasema ni baba yangu mzazi. Hata wale wanaokujaga kupumzika tu na feni wakainua vichwa. Hakimu akanionya kwamba nikishamwita ni shahidi kama wengine, atakachosema kitaandikwa na hakitafutika, akauliza kama niko tayari kwa jibu lolote. Nikasema niko tayari. Nilidanganya kidogo.

Kwa hiyo wito unakuja. Tarishi wa mahakama atagonga mlango wako wiki hii au ijayo. Usimfokee, hana kosa, na mama asimnyime kiti. Nilitaka uyasikie kwangu kabla hujayasoma kwenye karatasi yenye mhuri. Ni mimi niliyekutaja, hakuna mwingine wa kumkasirikia.

Najua yanayofuata. Wale mliostaafu pamoja hawatakuja tena kukujulia hali. Kuna watakaouliza maswali juu ya kesi zako zote, na ni haki yao. Jina ulilolijenga kwa jasho litatajwa kwenye magazeti kwa sauti nyingine. Na nafasi unayo ya kuyakwepa. Unaweza kuja ukasema umri umekwenda, hukumbuki. Hakuna hakimu atakayemlazimisha mzee akumbuke, na Kijiko amelala akitegemea hilo. Cheche atapata maisha, mkewe ataendelea kukunja lile shati, na wewe utarudi nyumbani na heshima zako. Lakini ukisema hapakuwahi kuwa na benchi, baba, nitavua joho, nitamkabidhi mwenzangu kesi, na nitapanda kizimbani mimi mwenyewe kuapa kwamba nililikalia, na kusema tulichokuwa tunakipigia makofi mezani. Nitasema baba yangu amesema uongo. Sijui kama nitaweza kumaliza sentensi hiyo, lakini nitaianza. Nakusihi kwa maziwa ya mama yako, usinifikishe hapo.

Sikuiti ili nikuaibishe. Nakuita kwa sababu wewe peke yako ukisema, wataamini. Kama ulidhani unasaidia, waambie ulidhani unasaidia. Mimi nakuamini. Ulimwona shahidi anatetemeka, ukamhurumia, na mtu mwingine akailipia huruma hiyo, hata kama hukutaka. Waambie hivyohivyo, kwa ile sauti yako ya mezani. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, lakini kuna mmoja bado hajahukumiwa. Siku hiyo nitakuuliza maswali kama ninavyomuuliza shahidi yeyote, na sitakuita baba mpaka tutoke nje. Nitakuwa nimekuandalia kitanda kwetu, upende usipende.

Nisalimie mama. Mwambie asilie kabla hajaimaliza barua, na akishalia asikuchukie wala asinichukie, anikemee tu kama kawaida. Wadogo zangu nitawaandikia wenyewe. Wajukuu wanakubusu mikono.

Nimebakiwa na salamu moja, na nilimwahidi mwenyewe kwamba nitaifikisha. Yule mpiga deki anakusalimu. Anauliza hujambo. Anasema hana cha kukulaumu kwa kipigo, maana hukumpiga, wala kwa tusi, maana hukumtukana. Anasema wengine wote walikuwa wamemwita mbwa, wewe ukafungua mlango wa mahabusu ukamwita mwanangu, ukamwomba akusaidie kuchota maji. Alifurahi sana siku ile, akaona kumbe ndani ya kituo kuna mtu mwenye utu. Ndiyo maana, anasema, aliibeba ndoo taratibu sana alipopita mbele ya benchi, isije ikammwagikia yule mama aliyekuwa anakunywa chai.

Ni mimi, binti yako akupendaye.